Maji ya chumvi yananimalizia maua, ninunue mashine ya elfu 38?

Mama Maua habari yako. Naandika saa tano usiku juu mchana sipati nafasi, uniwie radhi kama ni ndefu.

Mimi na bwanangu na mtoto wetu wa miaka mitatu tulihama Buruburu mwezi wa pili tukaja Utawala. Nyumba ni nzuri, gorofa ya nne ambayo ndio ya mwisho juu, jua linaingia vizuri, nikasema hapa maua yangu yatafurahi. Niko na vyungu 31, usinicheke. Kuna mani planti, sneki planti kadhaa, drasena mbili nilizonunua zikiwa fupi pale kando ya Ngong Road na saa hii zinanifika kifuani, spaida planti, pisi lili, na kalathea moja ambayo ndio roho yangu. Halafu bwanangu alinitengenezea yale mabomba ya hidroponiki, ya kupanda kwa maji bila udongo, kwa balkoni tuliyofunga vioo, tunapanda letasi, tangi lake linabeba lita 40.

Buruburu tulikuwa na maji ya kanjo, yanakuja siku mbili kwa wiki tunajaza madramu, tabu tupu, lakini mimea ilikuwa inang'aa. Huku ni boholi. Mfereji haukauki hata siku moja na hio nashukuru Mungu, shida ni yale maji ya chumvi unayoyajua, chai haina ladha, birika limeota ganda jeupe ndani, glasi zikikauka zinabaki na madoa. Kufika mwezi wa tano drasena zikaanza kuungua ncha, kahawia kabisa kama mtu amezipitishia kiberiti, spaida nayo hivo hivo, kalathea ikajikunja. Juu ya udongo kumetokea unga mweupe. Na letasi zimegeuka njano, na si majani ya chini, ni yale machanga ya katikati, jani njano lakini mishipa kijani.

Sasa kila mtu amekuwa daktari. Keateka anasema niteke maji niyalaze usiku kucha kwa ndoo bila kifuniko. Mama mkwe anasema nichemshe, na hio ilikuwa rahisi juu ya mtoto nachemsha kila jioni, dakika kumi nzima, nikawa naongeza sufuria moja ya maua. Dada yangu amenitumia picha ya kafilta ka kaboni ka kufunga kwa mfereji, 3,500. Jirani ana ule mtungi wa filta ya kauri na anaapa kwa huo.

Halafu Jumamosi tukaenda mall, kuna kijana ameweka meza pale chini anauza mashine za maji. Akachukua maji yetu (nilikuwa nayo kwa chupa ya mtoto) akamimina glasi moja, glasi ingine akaweka maji ya mashine yake, akachovya kitu cha stima chenye vyuma. Mama Maua, dakika moja tu maji yetu yakawa kahawia, yana uchafu unaelea, na yake yamebaki vile vile kama kioo. Bwanangu alishtuka akataka kulipa dipoziti hapo hapo, nikamvuta shati. Ni mashine ya RO, ile ya kutoa chumvi kwa maji, hatua saba, ina taa ya UV, 38,000. Wana pia ile ya kulainisha maji ya nyumba nzima unayoitia chumvi, 65,000.

Elfu 38 kwetu ni pesa ya kufikiria mara tatu. Nichukue ipi niokoe maua yangu?

Mwenye Majani Yaliyoungua, Utawala

* * *

Dadangu wa Utawala, salama sana, na asante kwa kumvuta huyo bwana shati.

Tuanze na kijana wa mall, juu najua hio glasi ya kahawia bado inawasumbua kichwani. Hicho kitu alichochovya kina vyuma, na kimoja au viwili ni vya chuma cha kawaida, kile kinachoshika kutu. Stima ikipita kwa maji yenye madini chuma hicho kinalika, kwa hivo kahawia mliyoiona ni kutu ya kifaa chake mwenyewe, haikutoka kwa boholi yenu. Maji yake hayakubadilika juu maji yasiyo na madini hayapitishi stima vizuri, basi. Siku ingine mkipita hapo mwombe atie chumvi kidogo ya mezani kwa glasi yake safi halafu arudie. Utaona rangi, na utaona na uso wake. Sisemi mashine ni mbaya, nasema lile igizo halijakuambia kitu kuhusu maji yako isipokuwa kwamba yana madini, na hio birika lilikuwa limeshakuambia bure.

Sasa jambo moja nataka ulishike, mengine yote yanatoka hapo. Kila filta ina kitu inachoshika na kitu inachoacha kipite. Fikiria kichungi cha chai, kinashika majani, lakini sukari je? Sukari imeyeyuka, inapita na maji hadi kwa kikombe. Shida yako ni kama hio sukari. Boholi nyingi za Nairobi zinatoa maji kwa miamba ya volkano, yana sodiamu na baikabonati kwa wingi, na mara nyingi yana floraidi ya kupita kiasi, na vyote hivyo vimeyeyuka. Maji ya kanjo uliyozoea Buruburu kwa sehemu kubwa yanatoka Ndakaini na Sasumua, ni maji ya mito ya milima ya Aberdare, mepesi, madini kidogo sana. Ndio maana yalikuwa yanakuja siku mbili kwa wiki na bado maua yanacheka.

Kwa hivo mtungi wa kauri wa jirani: unashika matope na vijidudu, kazi nzuri kwa tumbo la mtu, chumvi inapita. Taa ya UV inaua vijidudu na haitoi kitu chochote ndani ya maji, ua lako hata halitajua kama taa iliwaka. Kafilta ka kaboni ka dada yako kanatoa klorini, harufu na ladha mbaya. Chumvi hakagusi, floraidi vile vile. Nikuambie siri, mimi mwenyewe nilikaa na kale ka mfereji karibu miaka miwili nikibadilisha katriji kama mjinga, najipongeza, na spaida yangu inaendelea kuungua ncha tu, mpaka siku moja nikapima maji kabla na baada ya filta nikapata namba ni ile ile. Niliketi chini.

Keateka naye hajakosea, amekupa dawa ya ugonjwa mwingine. Kulaza maji kwa ndoo kunatoa klorini, inapaa yenyewe kwa siku moja hivi, hio ni ya watu wa maji ya kanjo. Ukilaza maji ya chumvi asubuhi unaamka na maji ya chumvi yaliyolala.

Na kuchemsha, hapa naomba utulie unisome polepole juu sasa nimeacha maua kidogo. Kuchemsha kunaua vijidudu, endelea kuchemsha. Lakini floraidi haipai na mvuke, inabaki kwa sufuria, na vile maji yanapungua kwa hizo dakika kumi zako, kile kilichobaki kina floraidi kali zaidi kuliko ulichoanza nacho. (Dakika kumi ni gesi bure pia, yakishatokota vizuri dakika moja inatosha.) Una mtoto wa miaka mitatu. Meno yake ya ukubwani saa hii yanajitengeneza ndani ya fizi, na yataendelea hivo mpaka kama miaka minane, na huo ndio wakati floraidi nyingi inayatia madoa, yale meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia sehemu za Nakuru na Bonde la Ufa, hayatoki kwa mswaki. Kiwango cha juu kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Mimi sijaona maji yenu, pengine yako chini ya hapo, pengine yako mara tatu, na macho hayawezi kujua, ulimi hauwezi, na drasena kuungua ncha ni dokezo tu, si kipimo, ingawa kusema kweli drasena, spaida planti na kalathea ni katika mimea inayolalamika mapema zaidi kwa floraidi. Umefuga kengele tatu nyumbani bila kujua.

Kwa hivo kabla ya mashine yoyote, pima. Boholi ikichimbwa maji yake hupimwa maabara, mwambie keateka amuulize mwenye nyumba kama iko karatasi. Kama haiko, ama ni ya zamani, jaza chupa ya plastiki (si glasi, floraidi na glasi hazipatani) upeleke maabara ya maji, uwaambie unataka floraidi, sodiamu, baikabonati na pH (kipimo cha uchachu wa maji, ikishuka ni asidi zaidi). Halafu jinunulie ile kalamu ya TDS, Luthuli Avenue ukiulizia hukosi, ama mtandaoni, yangu ilikuwa elfu moja na kitu. Hio kalamu inahesabu madini yote kwa jumla, haiwezi kukuambia floraidi ni ngapi, usije ukasoma namba ndogo ukashangilia. Lakini kwa mambo ya maua itakusaidia kila siku.

Karatasi ikija, kuna njia mbili.

Kama floraidi iko sawa, chini ya hio 1.5, basi usinunue RO kwa ajili ya maua. Hesabu nayo. Vyungu 31, weka nusu lita kila kimoja kwa wiki, na sneki planti hata hazitaki hivo, ni kama lita 15. Letasi, tangi la lita 40 unabadilisha kila wiki mbili, sema 20 kwa wiki. Jumla ni jerikeni mbili kwa wiki, dadangu. Jerikeni mbili! Mtu wa mkokoteni anakuletea maji matamu mpaka mlangoni, ila usimwamini kwa mdomo, wengine wanateka boholi ya jirani wanakuambia ni ya kanjo, chovya kalamu mbele yake. Maji ya kanjo yenyewe yanasoma chini sana, ukiona mia nne na kitu mrudishie jerikeni yake kwa heshima. Ama kama una mtu Buruburu bado, siku yao ya maji mnajaza mitungi mnatia kwa buti.

Na kuna mvua, ambayo watu wa gorofa mnaisahau sana na wewe ndio uko juu kabisa karibu na paa. Milimita moja ya mvua kwa mita mraba moja ni lita moja, kwa hivo mvua ya milimita 20 kwa kibati cha mita mraba mbili ni lita 40, wiki yako yote hio, kwa alasiri moja. Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, na tena wa tatu hadi wa tano, ongea na keateka akuachie dramu moja chini ya mfereji wa paa. Maji ya dakika za kwanza yaache yaende, yana vumbi na mavi ya ndege, halafu funika, juu mbu hawangoji mwaliko. Kalathea ikionja maji ya mvua hutaamini ni ile ile.

Kama floraidi imezidi, hapo sasa nunua RO, nunua kwa roho safi, lakini ujue unanunua ya mtoto, ya kunywa na kupikia uji na chai, na maua yatakula kinachobaki. Hio ndio bei inaleta maana. RO inasukuma maji kwa nguvu kupita kwa ngozi moja nyembamba sana wanaiita membreni, chumvi inabaki nyuma inamwagwa, na kama membreni ni nzima inatoa floraidi zaidi ya asilimia 85.

Sasa yale kijana hakukuambia. La kwanza ni presha. RO ya nyumbani inataka kama baa 3. Maji yakishuka kutoka kwa tangi unapata baa moja kwa kila mita kumi za urefu, na wewe uko gorofa ya mwisho, tangi liko hapo juu ya kichwa chako, mita tatu hivi, hio ni kama baa 0.3. Mtu wa chini kabisa kwa jengo lenu hana shida kubwa kama yako! Bila pampu hio mashine itakudondoshea maji kama bomba linalovuja, kwa hivo ulizia pampu iko ndani ya bei au ni ya juu yake, na ujue token ya stima ikiisha na maji yameisha. La pili ni yale yanayomwagwa, mashine nyingi ndogo zinamwaga lita kama tatu kupata moja. Weka ndoo hapo, maji hayo yapige deki na yaende chooni, lakini usimwagilie nayo ua hata moja, hayo ndio chumvi yenyewe imekusanywa. La tatu, hatua saba ni za kuhesabia bei. Kazi inafanywa na filta ya matope, kaboni na membreni. Zilizobaki ni vimawe vya kurudisha ladha na hio taa. Waulize wauzaji watatu bei ya hatua tano yenye pampu, na uulize bei ya filta za kubadilisha, za mwanzo ni kama miezi sita hadi mwaka, membreni miaka miwili ama mitatu. Watu wananunua mashine halafu wanashindwa na katriji, miaka mitatu baadaye wanakunywa kupitia takataka.

Ile ya kulainisha ya elfu 65 wala usiirudie. Inatoa kalsiamu inaweka sodiamu badala yake, hio chumvi unayoitia ndio inafanya kazi. Birika litapona, ndio. Maua yataumia zaidi.

Ukiwa na maji ya RO ama ya mvua usiyamwage yote kwa mani planti, hio inavumilia. Kalathea, drasena na spaida ndizo zipewe matupu. Zingine changanya, sehemu moja boholi na tatu za RO, kama boholi inasoma 600 utapata 160 hivi, hapo pisi lili hainung'uniki.

Letasi nazo hazijafa njaa. Jani changa njano na mishipa kijani ni chuma kimekosekana, na kimekosekana si kwamba hakipo kwa mbolea yako, ni baikabonati imepandisha pH mpaka mzizi hauwezi kukishika. Hidroponiki inataka pH 5.5 hadi 6.5, pima lako utashangaa. Najua mtu atakuambia kamua ndimu, inashusha kwa siku moja mbili halafu vijidudu vinaila hio asidi na pH inapanda tena. Badilisha maji kwanza. Ila ukitumia RO kwa letasi hakikisha mbolea yako iko na kalsiamu na magnesi, kalsiamu naitreti na chumvi ya Epsom watu wa agroveti wanazo, juu maji hayo sasa ni matupu, hayana hata kile kizuri.

Wikendi hii kabla hujatumia hata senti, tafuta jerikeni mbili tatu za maji matamu. Kwangua huo unga mweupe wa juu na udongo wa sentimita moja utupe, weka nafasi yake udongo mpya. Halafu beba drasena, spaida na kalathea hadi bafuni, uzimiminie polepole maji mara mbili ya ukubwa wa chungu, yapite yote yatoke chini, na yasibaki kwa sahani. Mbolea ya superfosfeti kama unayo weka mbali na hizo tatu, ina floraidi yake. Ncha zilizoungua hazitarudi kijani, kata kwa makasi ukiacha uzi mwembamba wa kahawia, usiingie kwa nyama ya kijani. Angalia majani yanayotoka baada ya hapo, kama miezi miwili hivi.

Na karatasi ya maabara ikitoka niandikie namba, hasa hio ya floraidi. Mtoto mpe maji ya chupa ama ya kanjo kwa sasa.